Jibu: Nakala ya Ubuntu ya Luthuli, nitajuaje ni halisi?
Ndugu, kununua faili ya Ubuntu (mfumo endeshi wa kompyuta wa bure, aina ya Linux) kwenye flashi pale Luthuli Avenue, Nairobi, ili uokoe bando si kosa, ila jina na ukubwa wa faili havithibitishi chochote. Kabla ya kuisakinisha, kwenye Linux andika sha256sum kisha jina la faili; Windows tumia certutil -hashfile, jina, halafu SHA256. Utapata heshi, yaani alama ya utambulisho ya faili, yenye jumla ya herufi na tarakimu 64. Ilinganishe yote, si mwanzo tu, na ile iliyo katika faili ya SHA256SUMS (orodha ya heshi sahihi) kwenye tovuti ya Ubuntu yenyewe (ni ndogo, haili bando). Heshi iliyo kwenye karatasi ya muuzaji usiitegemee: aliyechezea faili anaweza kuiandika pia. MD5, aina ya zamani ya heshi, achana nayo, usalama wake ulivunjwa 2004. Herufi moja ikitofautiana, futa. Kama umeshaisakinisha ukaingia benki humo, badilisha nywila kwa kompyuta nyingine na uwapigie benki leo.