Mwanangu, pampu usinunue kwanza

Mbukwa mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mama yako akanisomea tena jioni ili nisikosee jibu. Unasema winchi ya brekidauni asubuhi inavuta Fuso lenye mzigo bila shida, lakini ikifika saa nane mchana inazunguka kwa kujikongoja, na gari likigoma kidogo tu inasimama. Fundi wa hapo Manyoni amekwambia pampu inayosukuma oili ya kuzungusha winchi imekufa. Unaniuliza, ununue nyingine?

Bado. Pesa yako ifunge hadi nikwambie.

Miaka ile nilipokuwa nashinda kati ya Kibaigwa na Gairo niliambiwa maneno hayo hayo. Niliuza ng'ombe wawili, nikafunga pampu mpya, na siku ya tatu ikaanza kunguruma kama ile ya kwanza, kama mtu anasaga changarawe. Mzee mmoja wa gereji huku Kizota akaja, akalegeza mfuniko wa tangi la oili wakati pampu inafanya kazi. Tukasikia hewa ikivutwa kuingia ndani, fyuuu, na pampu ikanyamaza hapo hapo. Mfuniko ule una tundu la kupumulia lenye kichujio kidogo, na vumbi letu lilikuwa limechanganyika na oili likagandamana humo kama udongo wa mfinyanzi. Oili ikitoka tangini, lazima hewa iingie ishike nafasi yake. Isipoingia, pampu inavuta kwa shida, inakosa oili ya kutosha, na inaanza kujila yenyewe.

Basi anzia hapo. Futa mfuniko kwa kitambaa safi kwanza, maana chembe ya mchanga ikidondoka tangini itafika kwenye pampu. Kisha shusha chote kitanda cha brekidauni, kile cha kupakilia gari bovu, brekidauni ikiwa kwenye tambarare, ndipo upime oili. Ukipima kitanda kikiwa juu utadhani imepungua, utaongeza, na itamwagika. Iangalie rangi. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, ina maji. Ikiwa na povu, kuna mahali hewa inaingia, mara nyingi kwenye hozi inayotoka tangini kwenda kwenye pampu. Hozi hiyo huchakaa kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Uliza pia ni oili namba ngapi mliyomimina. Namba 32 ni nyepesi kuliko 46, na 68 ni nzito zaidi. Oili nyepesi kuliko inayotakiwa, kwa jua la huko, mchana inakuwa kama maji na inapenya kila mahali palipolika. Fuata namba ya kitabu cha gari, si ya muuza duka.

Sasa swali ambalo fundi wako hakukuuliza: mchana huo huo winchi ikichoka, kitanda kinanyanyuka na gari juu yake? Vyote viwili vinalishwa na pampu moja. Kitanda kikiwa na nguvu zake zote, pampu usiiguse. Ugonjwa uko upande wa winchi, yaani mota yake, valvu yake, au breki. Baada ya kuvuta, sogeza kiganja karibu na nyumba ya breki bila kuigusa. Ikiwa inachoma kuliko sehemu nyingine za winchi, breki haiachii yote na winchi inavuta mzigo huku imejifunga yenyewe. Vyote viwili vikichoka pamoja, hapo ndipo tuzungumzie pampu, filta na valvu ya kuachia presha.

Na valvu hiyo ndiyo ninayotaka unielewe vizuri. Kuna mtu atakwambia, "Kaza skrubu hii nusu mzunguko, utaona nguvu." Mimi nilikubali mara moja. Nguvu ilikuja kweli. Wiki haikuisha, tukivuta lori lililozama kwenye tope jeusi la Bahi, waya ulikatika ukarudi kama mjeledi ukampiga utingo wangu mguuni. Mfupa ulivunjika sehemu mbili. Valvu ile imewekwa ili oili irudi tangini kabla mzigo haujashinda waya, na mimi niliondoa ulinzi huo kwa mkono wangu. Mpaka leo nikimwona soko la Majengo anachechemea, moyo wangu unauma. Usiiguse, mwanangu.

Ukikosa nguvu, tumia kapi. Waya ukipita kwenye kapi lililofungwa kwenye gari linalovutwa, na ncha yake ikarudi kufungwa kwenye brekidauni, nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unabaki nusu. Tena angalia dramu inayoviringisha waya: waya ukiwa umejaa tabaka juu ya tabaka, winchi inavuta kwa nguvu ndogo kuliko ikiwa kwenye tabaka la chini. Toa waya mwingi, lakini mizunguko 5 ibaki kwenye dramu.

Hozi inayovuja usiipapase kwa mkono. Pitisha kipande cha katoni. Oili yenye presha inapenya ngozi kupitia tundu dogo kama la sindano, na hata kama hupati maumivu, ni hospitali saa hiyo hiyo. Mwambie na utingo. Mkumbushe pia kutoa PTO, ile gia inayochukua nguvu ya injini kuendesha pampu, kabla ya gari kuondoka. Ikibaki imeingia hadi Kintinku na kurudi, pampu inakufa kweli.

Geji yangu ya presha nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi, ichukue stendi. Ifungeni kwenye mstari wa pampu injini ikiwa imezimwa na presha imeshuka. Nyanyua kitanda mpaka mwisho wake, shikilia leva sekunde chache tu, usome namba. Fanya hivyo asubuhi oili ikiwa baridi, kisha saa nane baada ya kazi. Namba ya mchana ikianguka sana chini ya ile ya asubuhi, valvu ifunguliwe isafishwe kwanza, kisha mpime tena. Ikianguka tena, pampu imechakaa, na pesa nitakuongezea.

Nipigie jioni unipe namba zote mbili.

Baba yako