Barua kwa mwanangu: nyanya zinazokufa zikiwa bado kijani

Muheza, Aprili 14

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Umeniuliza kuhusu nyanya zako hapo Makorora: mchana zinalala, jioni zinaamka, siku ya tatu au ya nne hazinyanyuki tena, na majani bado kijani. Muuza pembejeo amekuambia upulize mankozebu, nawe unataka kujua kama ununue.

Usinunue. Mankozebu ni kinga ya ukungu unaotua juu ya majani, ule unaoleta baka jani na madoa ya kahawia. Shida yako iko ndani ya shina au kwenye mizizi, na dawa inayokaa juu ya jani haifiki huko. Kwanza tujue mmea unakufa kwa nini.

Kesho asubuhi chagua mche ulioanza kulala jana. Uliokwisha kukauka hautakuambia kitu. Mwagia maji shinani ili udongo ulegee, ung'oe polepole na mizizi yake yote, kisha suuza mizizi kwenye ndoo. Ukiona mizizi ina manundu manundu kama tangawizi changa, hao ni minyoo fundo. Minyoo hawaui haraka. Mmea unadumaa, unalala kila mchana kwa wiki nyingi, unazaa vitunda vidogo. Ukiona mizizi ni myeusi, laini, inanuka, umemwagilia kupita kiasi au maji hayana pa kutokea. Ukiona shina limegugunwa chini na lina udongo ndani, ni mchwa. Mizizi ikiwa mizima na myeupe, endelea na shina.

Chukua wembe mpya. Kata kipande cha shina urefu wa vidole vinne, kuanzia inchi mbili juu ya udongo. Jaza maji masafi kwenye bilauri isiyo na maua, weka nyuma yake kitambaa cheusi, kisha bana kipande hicho kwa kibanio cha nguo ili ncha ya chini iingie majini kidogo tu. Usiitikise bilauri wala usipumulie karibu. Ngoja dakika tano. Kama ni mnyauko wa bakteria, utaona nyuzi nyeupe nyembamba zikishuka kutoka kwenye ncha, taratibu, kama tui zito linalodondokea kwenye maji. Hizo nyuzi ni bakteria wenyewe. Wamejaa kwenye mirija ya kupandisha maji mpaka wameiziba, ndiyo maana mmea unakufa kwa kiu huku udongo umelowa, na unakufa ghafla kabla majani hayajapata muda wa kuwa ya njano.

Nyuzi zisipotoka, pasua shina kwa urefu. Ukikuta mistari ya kahawia chini ya ganda, na majani ya chini yalikuwa yameanza kuwa ya njano, pengine upande mmoja tu, huo ni mnyauko wa fuzari, ambao ni ukungu unaoishi udongoni.

Kwa jinsi ulivyonieleza, na kwa joto la Tanga pamoja na mvua hizi za masika, mimi nadhani ni bakteria. Fanya hiyo ya bilauri hata hivyo, usinifuate kwa kudhani.

Kama ni bakteria, hakuna dawa ya kuponya mmea ulioshikwa. Ng'oa miche yote iliyolala pamoja na udongo unaoshikana na mizizi, choma moto, usitupe kwenye shimo la mboji. Matunda yaliyokwisha komaa pikeni tu, bakteria huyu hamdhuru mtu. Jembe na kisu vioshe udongo uishe, kisha vipanguse kwa jiki kipimo kimoja kwenye maji vipimo tisa. Angalia pia maji ya mvua yanatoka wapi. Yakipita kwenye tuta hilo na kwenda kwenye lingine, yanabeba ugonjwa. Chimba mfereji mdogo uyageuze.

Na hapo watu wengi wanakosea: wanang'oa nyanya, wanapanda bilinganya au pilipili palepale. Bilinganya, pilipili, nyanya chungu na viazi mviringo ni ndugu wa nyanya, wote wanashikwa. Karanga na tangawizi nazo zinaweza kushikwa ingawa si ndugu zake. Panda mahindi kwenye tuta hilo, na usirudishe nyanya hapo kwa miaka mitatu angalau. Magugu yang'oe pia, kwa sababu mengine, mnavu ukiwemo, yanahifadhi ugonjwa huku yenyewe yanaonekana mazima.

Sasa, najua hutaki kukaa miaka mitatu bila nyanya uani. Panda kwenye viroba, na uvitenge kabisa na ardhi yako. Hii ni kazi ya nyumba nzima, hata wajukuu zangu wana sehemu yao.

Muda ndio wa kwanza. Usipande tena sasa. Nyanya haishiki matunda vizuri usiku ukiwa na joto kali, maua yanapukutika, na masika yanaleta baka jani. Sia mbegu katikati ya Mei, pandikiza kati ya tarehe 10 na 15 Juni, maua yatoke kwenye kipupwe wakati wa upepo wa kusi. Utaanza kuchuma mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba. Dukani ulizia mbegu ya nyanya iitwayo Tengeru 97, ambayo inavumilia minyoo fundo na fuzari. Kwa bakteria, hata hivyo, usiitegemee. Kinga yako ni udongo safi.

Udongo wa kusia uupike. Najua mkwe wangu atacheka, lakini mche ukishikwa kitaluni utaupeleka ugonjwa kila kiroba. Chukua nusu pipa, weka matofali na maji kidogo chini, wavu juu yake, kisha udongo ulionyunyiziwa maji ukawa na unyevu tu. Fukia katikati kiazi kimoja cha ukubwa wa yai. Funika kwa gunia lililolowa, koka moto. Mvuke ukianza kutoka juu, hesabu nusu saa, kisha toa kiazi. Kikiwa kimeiva cha kuliwa, udongo nao umeiva. Uache upoe kabisa siku mbili kabla ya kusia. Mistari iachane sentimita 15, mbegu iingie nusu sentimita tu. Miche ikifika majani manne au matano ya kweli, baada ya wiki tatu au nne, iko tayari.

Kwa kiroba cha kilo 50 changanya ndoo ndogo tatu za udongo kutoka mahali pasipowahi kulimwa nyanya wala jamaa zake, ndoo moja na nusu ya samadi ya ng'ombe iliyokaa miezi mitatu, na nusu ndoo ya mchanga wa mto. Mchanga wa ufukweni hapana, una chumvi. Samadi ya kuku ikiwa ndiyo uliyonayo, punguza iwe nusu ndoo na iwe imeiva, la sivyo utapata majani mengi na nyanya chache. Makumbi ya nazi hapo hamkosi: yachambue, yaloweke siku nzima kwenye maji baridi, mwaga maji hayo, kisha tandaza makumbi chini ya kiroba unene wa kiganja. Yanashika maji kwa siku kadhaa.

Toboa matundu sita ubavuni, sentimita tano kutoka chini, kwa msumari wa moto. Kunja mdomo wa kiroba mpaka kibaki nusu. Halafu, hili usilipuuze, kiweke juu ya matofali manne. Kiroba kikikaa chini, mizizi itapenya kwenye matundu, itaingia kwenye udongo wenye ugonjwa, na kazi yote itakuwa bure. Panda miche miwili tu kwa kila kiroba, jioni, ukizika shina mpaka karibu na majani ya kwanza kwa sababu sehemu iliyozikwa inaota mizizi mipya. Viroba hivi vya plastiki jua linavimomonyoa. Vifunike ubavuni kwa kuti.

Chomeka miti ya mita moja na nusu wakati wa kupandikiza, si baadaye, usije ukakata mizizi. Funga kwa kamba ya mkonge kwa mtindo wa nane, mduara mmoja kwenye mti na mmoja kwenye shina, ulegee kiasi kidole kiingie. Machipukizi ya kwenye kwapa za majani yavunje kwa vidole yakiwa madogo, usikate kwa kisu, maana kisu kinahamisha ugonjwa kutoka mmea hadi mmea. Mkwe wangu akishika tumbaku, aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa. Virusi vya tumbaku vinahamia kwenye nyanya.

Maji: lita moja kwa mche kila asubuhi mwanzoni, lita mbili hadi tatu siku za jua kali ikishabeba matunda. Kiroba hukauka haraka, na ukimwagilia leo ukaruka siku mbili, matunda yataoza kitako: doa jeusi, kavu, chini kabisa. Watu wanasema ni upungufu wa chokaa (kalsiamu), nao huweka maganda ya mayai. Maganda huchukua miezi kuoza, hayaokoi tunda lililopo. Chokaa huwa ipo mara nyingi. Kinachokosekana ni maji ya kuibeba, na maji ya kisima yenye chumvi yanazidisha shida kwa sababu yanaizuia isinyonywe. Yaonje. Ulimi ukisikia chumvi, tumia ya bomba au ya mvua. Tandaza nyasi kavu juu ya udongo unene wa vidole vitatu.

Wajukuu wapewe kazi ya maji asubuhi, kila mmoja na viroba vyake, na kopo lenye alama ya lita moja.

Nitumie picha ya bilauri kesho, uipige mbele ya kile kitambaa cheusi, nitakuambia nimeona nini. Nyuzi zikitoka, choma miche siku hiyohiyo.

Msalimie mkwe wangu na watoto.

Mama yako