Kabla ya Kupandikiza Jino, Uliza Kwanza Habari za Mfupa

Tangu nipandikizwe jino, watu hunijia na maswali yaleyale: linauma? Ni ghali? Litafanana na mengine? Wana haki ya kuuliza. Lakini swali linaloamua kama jino hilo litadumu miaka mingi au litalegea mapema ni la mfupa wa taya, nalo ni nadra kuulizwa.

Kipandikizi chenyewe ni skurubu ndogo, mara nyingi ya titani, inayoingizwa ndani ya taya pale ulipokuwa mzizi wa jino. Juu yake hufungwa kiungo, na juu ya kiungo huvalishwa kofia, yaani ile sehemu nyeupe inayoonekana mdomoni. Siri yote iko kwenye titani. Mfupa hauikatai, huikaribia, ukaizunguka na kuishika moja kwa moja. Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliligundua jambo hilo miaka ya 1950 akiwa anachunguza mzunguko wa damu katika mifupa ya sungura: vifaa vya titani alivyovipachika viling'ang'ania, havikutoka. Mwaka 1965 alimtibu mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, na vipandikizi vyake vilikuwa bado vinafanya kazi alipofariki mwaka 2006. Nilipoisoma habari hiyo nilipata moyo kweli, maana nilikuwa nadhani haya ni mambo ya juzi.

Mimi gego langu la chini lilipasuka hadi mzizini, likang'olewa. Pengo halikuonekana nikicheka, basi nikakaa nalo kwa miaka kadhaa. Kumbe ndani ya taya mambo yalikuwa yanaendelea. Mfupa unaoshikilia meno huhitaji kazi ya kutafuna ili ubaki na unene wake. Jino likiondoka, mfupa huanza kusinyaa, na sehemu kubwa ya upungufu huo hutokea katika mwaka wa kwanza. Meno jirani huanza kuinama kuelekea pengo, na jino la taya la pili, likikosa mwenzake wa kukutana naye, hujisogeza taratibu kulifuata. Kwa hiyo ukiambiwa jino halina budi kung'olewa, zungumza na daktari siku hiyohiyo kuhusu kitakachofuata. Wakati mwingine huweza kujaza tundu kwa unga wa mfupa papo hapo, na hilo hukupunguzia kazi kubwa baadaye.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda walinipiga picha moja ndogo ya eksirei, wakaniambia niko tayari na kunipa tarehe. Sikutulia. Nikatafuta daktari mwingine, naye akasema hashiki chombo mpaka apate picha ya pande tatu. Hapa ndipo ningependa kila msomaji asimame kidogo. Eksirei ya kawaida ni bapa: inaonyesha kimo cha mfupa, lakini unene wake haiuonyeshi. Mfupa unaweza kuonekana mrefu na mzuri kwenye picha, kumbe ni mwembamba kama ukingo wa sahani. Ndivyo ulivyokuwa wangu. Tena katika taya la chini hupita neva inayoupa mdomo na kidevu hisia. Skurubu ikiigusa, mtu anaweza kubaki na ganzi kwa muda mrefu, pengine isiondoke kabisa. Juu, nyuma ya mashavu, kuna uwazi wa hewa uliokaribiana na mizizi ya magego, na mfupa ukiwa haba huko, daktari hulazimika kuuinua utando wa uwazi huo kwanza. Vipimo vya namna hii havikisiwi kwa macho. Daktari anayetaka kupanga upasuaji bila kujua unene wa mfupa, mshukuru, uondoke.

Nikaongezewa mfupa. Unga unaotumika unaweza kutoka kwenye mwili wako mwenyewe, kwa mtu aliyejitolea, kwa mnyama, au ukatengenezwa maabara. Kama imani yako ina neno juu ya jambo hilo, liseme mapema, kwa sababu mara nyingi pana chaguo na daktari hawezi kubahatisha unachotaka. Baada ya hapo ni kusubiri miezi, ndipo skurubu ikawekwa.

Upasuaji wenyewe ulikuwa mwepesi kuliko kung'olewa kwa lile gego. Ganzi ilifanya kazi yake. Nilihisi mgandamizo na mtetemo, maumivu hapana. Uvimbe ndio ulionisumbua, nao kwa kawaida huwa mkubwa siku ya pili au ya tatu, kisha hushuka. Kitambaa chenye barafu juu ya shavu siku ya kwanza kilisaidia sana. Usisukutue kwa nguvu siku hiyo, usiteme kwa kishindo, maana damu iliyoganda juu ya kidonda ndiyo kinga yake. Uvimbe au maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya siku hizo, rudi kwa daktari bila kungoja miadi.

Kisha kusubiri tena. Kwa kawaida ni miezi 3 hadi 6 mfupa ushikamane na titani kabla ya kofia kuvalishwa. Utakutana na matangazo ya jino kwa siku moja. Si uongo: skurubu ikishika imara tangu mwanzo, wapo wanaovalishwa jino la muda siku hiyohiyo. Ila hilo huamuliwa na mfupa wako, si na tangazo, na mtu aliyeongezewa mfupa asilikimbilie.

Mambo ya kumwambia daktari hata kama hakuuliza: kisukari, hasa kisichodhibitiwa, uvutaji wa sigara, ambao huongeza waziwazi uwezekano wa kipandikizi kushindwa, mionzi uliyowahi kupigwa kichwani au shingoni, na dawa za kuzuia mifupa kudhoofika, za vidonge au sindano, kwa kuwa baadhi yake zinaweza kufanya mfupa wa taya ushindwe kupona. Usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako. Waache madaktari wako wawili wazungumze. Na mzazi mwenye kijana aliyepoteza jino avumilie mpaka taya limalize kukua, kwani kipandikizi hakisogei na meno mengine.

Je, kila pengo lipandikizwe? Sidhani. Daraja, yaani jino la bandia linalobebwa na kofia za meno ya pembeni, ni tiba nzuri, hasa kama meno ya pembeni tayari yameharibika na yanahitaji kofia. Kama ni mazima, mimi ningesikitika kuona yanasagwa ili kubeba jino la jirani. Meno ya bandia ya kuvua na kuvaa hugharimu kidogo na huwafaa wengi. Kwa aliyepoteza meno yote ya chini, na ambaye meno ya bandia yanamchezacheza kila akisema, vipandikizi 2 tu vya kuyakamata vinaweza kumbadilishia maisha. Muulize daktari kuhusu hilo kabla ya kukubali mpango wa vipandikizi vingi.

Jino la kupandikizwa likishakamilika, usidhani limemaliza kudai. Haliozi, ni kweli, lakini fizi na mfupa unaolizunguka vinaweza kushambuliwa na bakteria wa ukoga, na mfupa ukaliwa kimyakimya. Jino la asili lina nyuzinyuzi zinazolishika na kukupa habari. Hili halina, ndiyo maana tatizo linaweza kwenda mbali kabla hujahisi chochote. Damu ukipiga mswaki, fizi nyekundu, usaha au harufu isiyokwisha ni dalili za kwenda kuonwa. Mimi husafisha pembeni mwa langu kwa vibrashi vyembamba kila usiku, na kama unasaga meno usingizini, omba kinga ya kuvaa.

Daima omba kadi au karatasi inayoandika aina ya kipandikizi, kipimo chake na namba ya toleo. Skurubu za kampuni tofauti hazifunguliwi kwa bisibisi moja, na miaka ikipita unaweza kuwa mbali na aliyekutibu. Siku moja ukihisi kofia inacheza, usiitafunie wala usiigandishe kwa gundi. Mara nyingi ni kale kaskurubu ka ndani kalikolegea tu, na daktari mwenye kadi yako mkononi atajua aanzie wapi kukakaza.