Herufi za Kiassam zaachana nikitaka kuprinti, nifanyeje?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Mie nina duka la kutaipu na kuprinti hapa Langoni, Lamu. Kuna mgeni kapanga nyumba Shela, kwao ni Assam, India, kaniletea faili la kadi ya harusi ya dadake nimprintie. Kwenye simu yake maneno yamekaa sawa, lakini nikifungua kwa LibreOffice herufi zilizoshikana zaachana, chini yake kwatoka kimstari ambacho kwenye simu hakipo, na pengine ni viboksi vitupu. Nimefuta kile kimstari, asema sasa ni neno lengine. Harusi ni wiki ijayo, nisaidie.

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Kwanza kabisa usifute tena hicho kimstari, na hilo faili ulilofuta liwate, muombe akutumie lengine zima. Hicho chaitwa hasanta, na ndicho kinachoiambia herufi ishikane na mwenziwe.

Sisi jambo hili twalijua kwa lam na alif. Ukitaipu Kiarabu wabonyeza lam, wabonyeza alif, ndani ya faili zabaki herufi mbili, lakini kwenye skrini latoka umbo moja لا. Anayezishikanisha ni programu ikisaidiwa na fonti. Kiassam ni vivyo hivyo ila mishikano yao ni mingi mno, we angalia tu jina la mto wao mkubwa, Brahmaputra: ব্ৰহ্মপুত্ৰ. Hapo pana mishikano mitatu, b na r, h na m, t na r. Ile হ্ম ya katikati kwenye faili ni vitu vitatu, হ, hasanta, halafu ম, sasa fonti ikiwa haina umbo hilo wapata vipande kama unavyoviona wewe.

Nakili maneno uyapesti kwenye brauza. Yakitoka sawa, faili ni zima na tatizo ni fonti uliyochagua. Yakitoka viboksi huko pia, kompyuta yako haina fonti ya Kiassam kabisa. Yakitoka herufi za Kizungu ovyo ovyo, basi yalitaipiwa kwa fonti za kabla ya Unicode, ile orodha ya kimataifa inayoipa kila herufi namba yake, na itabidi yataipiwe upya, ila kwa vile simu yake yaonyesha vizuri sidhani kama ni hilo.

Dauniloadi Noto Serif Bengali ama Lohit Assamese, zote ni za bure. Hilo jina Bengali lisikutishe, Unicode imeweka Kibengali na Kiassam fungu moja, namba U+0980 mpaka U+09FF. Lakini hapa ndipo wengi hukosea: r ya Kiassam ni ৰ, ina kistari tumboni, ya Kibengali ni র, ina nukta chini. Kuna fonti zinazoshikanisha ile ya nukta vizuri sana na hii ya Kiassam zaiwata imekaa peke yake, ndio waweza kuona Kibengali chatoka safi na Kiassam chavunjika kwenye kompyuta hiyo hiyo. Na ukimrekebishia neno kwa kibodi ya Kibengali utamtilia r ya nukta, na Muassam ataiona hapo hapo.

LibreOffice yako iwe 5.3 ya 2017 ama mpya zaidi, manake tangu hapo yatumia HarfBuzz kupanga herufi kwenye Windows, Mac na Linux zote. Ingia Tools, Options, sehemu ya lugha, utie tiki kwenye Complex text layout, kwa kifupi CTL. Kisha chagua maneno yote, nenda Format, Character, na ile fonti ya upande wa CTL ndiyo ubadilishe, ukibadilisha ya juu ya Kizungu hakuna kitakachotokea, na lugha weka Assamese.

Mwisho toa PDF, fonti itaingia ndani yake. Umuite mgeni aisome kwenye skrini kabla hujatia karatasi za kadi kwenye printa, na aanze na jina la dadake.