Nyuki wamekufa au wamehama? Nilivyofundisha kupungua kwa nyuki kwa mradi wa alizeti

Walimu wenzangu wa baiolojia, hasa mlioko Singida na Dodoma ambako alizeti iko kila kona, hii nawaandikia nyie kwanza.

Mwaka wa kwanza nilipofundisha habari za nyuki kupungua niliingia intaneti nikachukua habari za Marekani, zile za kuanzia 2006 ambapo wafugaji walikuwa wanafungua mzinga wanakuta malkia yupo, asali ipo, ila wale nyuki vibarua wametoweka, nikaongezea na Umoja wa Ulaya walivyozuia mwaka 2018 dawa tatu za kuua wadudu za jamii ya neonikotinoidi zisitumike kwenye mashamba ya wazi. Watoto wa kidato cha tatu wakaandika, wakakariri, wakapata maksi. Halafu binti mmoja akaniuliza, "Madam, kwani na huku kwetu wanapungua?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo nashukuru aliuliza.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: tafuta swali ambalo mtoto anaweza kulijibu kwa macho yake. "Nyuki wanapungua duniani?" kidato cha tatu hawawezi kulijibu, wataishia kukopi tu. Sisi tuliuliza, alizeti ya hapa shuleni ikikosa nyuki inakuwaje? Tukapanda kipande kidogo nyuma ya madarasa, vichwa vilipokaribia kufungua tukavifunika kumi kwa vipande vya chandarua kuukuu, vingine kumi tukaviacha wazi tukavifunga uzi mwekundu. Kila asubuhi ambayo hamna mvua grupu moja linakaa dakika kumi kwa kuangalia saa linahesabu wadudu wanaotua, na hapa msiwaache wahesabu kila kitu kama "nyuki", kuna nyuki wa asali, kuna nyuki wadogo wasiouma, kuna nzi wanaofanana na nyuki kabisa. Siku tulipovuna na kupasua mbegu moja moja, vile vilivyofunikwa vilikuwa na mapepe mengi, yaani mbegu tupu zisizo na kiini, hasa katikati ya kichwa, wakati vya wazi vimejaa. Mbegu zilikuwepo hata kwenye vilivyofunikwa, kwa sababu alizeti inaweza kujichavusha kidogo, na aina zinatofautiana, waambieni watoto ukweli huo msiufiche ili matokeo yaonekane makubwa.

Lakini sehemu iliyonifundisha mimi mwenyewe ni mzinga. Kulikuwa na mzinga mmoja wa zamani karibu na shule, nilishawaambia darasa zima kwamba nyuki wake wamekufa, si ndo habari yenyewe ya nyuki kupungua. Tukamwita mzee mmoja mrina asali wa kijijini. Akaufungua, akachungulia chini, akasema, "Hawa hawajafa mwalimu, wamehama." Akawaonesha watoto, nyuki wakiuawa na dawa unakuta mizoga imelundikana mbele ya mzinga, wengine ulimi umetoka nje, hapa hamna hata mmoja, kuna utando tu wa nondo wa nta, wale wadudu wanaoharibu masega. Nyuki wetu wa Afrika ni wahamaji, maua yakiisha au maji yakikosekana au siafu wakivamia, wanaondoka. Yaani mzinga mtupu peke yake haukuambii nyuki wamepungua. Mnatakiwa kuuangalia mwezi hadi mwezi, muandike.

Ndo maana nasema mtafuteni mrina asali mapema, na mazungumzo yafanyike kwa Kiswahili au kilugha, ripoti ya Kiingereza itakuja baadae. Kwetu mzee alieleza miti iliyokatwa kwa mkaa, magome yanayobanduliwa kutengeneza mizinga mpaka mti unakauka, na wanaolina kwa moto wakaunguza kundi zima, vitu ambavyo kwenye zile kurasa zangu za Marekani havikuwemo kabisa.

Kwenye dawa za mashambani muwe waangalifu. Nilituma watoto wawaulize wazazi wanapulizia nini, baadhi ya wazazi wakaona wanashtakiwa, na mwanafunzi mmoja ambaye baba yake anauza dawa alikaa kimya wiki nzima, iliniuma sana. Sasa swali tunauliza hivi: mnapulizia saa ngapi? Maana kupulizia asubuhi alizeti imechanua na nyuki wako kazini ni tofauti na kupulizia jioni wakisharudi mzingani, na hilo mkulima analijadili bila kukasirika.

Usalama: wazazi waulizwe kama mtoto huwa anavimba au kukosa pumzi akiumwa na nyuki, huyo apewe kazi ya data. Mzinga anafungua mrina mwenye bomba la kufukizia nyuki moshi, wanafunzi wanakaa mbali.

Na lazima grupu moja litakuja na ile nukuu ya Einstein, eti nyuki wakiisha binadamu amebakiza miaka minne. Hakuna ushahidi kwamba aliisema. Usiwakaripie, wape kazi ya kutafuta ilikotoka, wangu walijifunza zaidi hapo kuliko kwenye notisi zangu.

Muda ndo unaotuangusha wengi. Mvua zetu ni msimu mmoja tu, ukishtuka mwezi wa tatu umechelewa, kwa hiyo vyandarua vikuukuu waambie waanze kuvileta Novemba, kabla hawajafunga shule.