Kigoda kinachobembea: jibu kwa aliyeuliza kama samani za mchezo zinakalika

Ndugu, umeuliza kama samani zenye mchezo ndani yake zinafaa kutumika nyumbani, au ni za kupigia picha tu, ukanieleza na rafu ya ngazi unayotaka kutengeneza. Nina karakana ndogo Ndeeba, hapa Kampala. Riziki yangu ni vitanda na kabati, lakini moyo wangu uko kwenye vitu hivyo unavyoulizia, na nakuhakikishia vinatumika. Sharti ni moja: mchezo utoke kwenye kazi ya chombo chenyewe. Ukichukua kiti cha kawaida ukakibandika masikio ya sungura, mtoto atayachezea siku mbili, ya tatu yameng'oka.

Chukua kigoda cha mtoto chenye kitako cha mviringo, kinachobembea pande zote. Cha kwanza nilikichonga kwa musizi, kwa kuwa ni mbao nyepesi, urefu sentimita 30, na upinde wa chini niliuchora kwa kamba ya sentimita 35 iliyofungwa kwenye msumari, kama bikari. Kikiwa kitupu kilibembea vizuri mno, ukikisukuma kinarudi chenyewe. Mtoto wa mteja alipokikalia, kilimmwaga chini. Hakuumia, lakini usiku ule sikulala.

Kosa lilikuwa kwenye kamba. Chombo cha namna hiyo hujiinua pale tu ambapo uzito wote, wa kigoda pamoja na mkaaji, una kitovu kilicho chini ya kitovu cha duara la upinde, yaani pale ulipokuwa msumari wa kuchorea. Kigoda kitupu uzito wake uko chini. Akikaa mtoto, unapanda juu ya kikalio. Sasa napiga msumari, nafunga kamba ya sentimita 70, nachora upinde uliolala zaidi. Kinayumba kidogo tu, lakini kinarudi. Kwa hiyo usikijaribu kikiwa kitupu. Kifungie gunia la mchanga juu kwanza.

Kazi ninayoipenda kuliko zote ni meza ya chai yenye omweso ndani. Unajua omweso ni mashimo 32, safu nne za nane, na empiki, yaani kete, 64, jamaa wa karibu wa bao la pwani. Mashimo ya mwanzo niliyachimba marefu kama bakuli, wazee wakalalamika: mkono unakwama, na omweso ni mchezo wa kasi. Nikayapunguza hadi sentimita 2, ukingo umelazwa, msasa laini mpaka kidole kiteleze. Kifuniko nacho kilisumbua, maana kila wakitaka kucheza ilibidi vikombe vyote vitolewe. Nikakigawa vipande viwili vyenye kingo na vishikio, kila kimoja sinia. Unainua sinia na chai yake, mashimo hayo hapo.

Hata Waitalia waliotoa Sacco mwaka 1968, ule mfuko wa punje nyepesi za plastiki, walifuata njia hiyo. Hauna miguu wala fremu. Unajitupa juu yake, punje zinahama, umbo la kiti unalifanya wewe kwa mwili wako. Kujitupa ndiyo raha, na ndiko kukaa kwenyewe.

Kwa hiyo ile rafu yako ya ngazi uliyoieleza, niambie kwanza nani ataipanda na ana kilo ngapi. Kata mfano wa kadibodi wa ukubwa kamili, uuweke sebuleni wiki nzima, uone watu wanajikwaa wapi. Mbao usinunue bado.