Krismasi iliishia wodini, shukrani sina

SWALI: Shangazi, shikamoo. Kila Desemba tunapanda Marangu kwa wakwe zangu. Safari hii tulikuta mbuzi kafungwa mgombani, mbege, pombe ya ndizi, iko tayari, mashemeji wanaingia mmoja mmoja kutoka Arusha na Mwanza. Alfajiri ya tarehe 24 mama mkwe akaamka mdomo umepinda, mkono wa kulia haushiki kikombe. Kiharusi. Sikukuu yote tumekaa kwenye benchi la hospitali, Moshi mjini. Sasa yuko nyumbani, hajigeuzi, anatamka maneno machache. Kila anayekuja kutupa pole ananiambia, "Mshukuru Mungu, angalau yuko hai." Naitikia "amina" huku moyoni nina hasira. Wanangu waliisubiri Krismasi hii mwaka mzima. Halafu najiona mbaya, nawaza sikukuu wakati mtu mzima amelala. Nitaipata wapi shukrani ya kweli?
Mama wa Wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana kwa kuuguza.

Nimekuwa muuguzi mpaka nikastaafu, na Krismasi nyingi zilinikuta zamu ya usiku. Hilo "angalau" nalifahamu. Wanaolisema wana nia njema, lakini linamziba mdomo anayeambiwa. Mimi ni muumini, na sijawahi kumtaka mtu aushukuru ugonjwa. Kilichowapata ni kibaya. Watoto wamekosa kitu walichokipenda, na wewe kuumia kwa ajili yao si roho mbaya. Nadhani hata bibi mwenyewe kinamuuma hicho hicho, maana Desemba ndipo kihamba chake, boma lake na migomba yake, hujaa watu.

Shukrani itafute kwa watu. Nani aliuona ule mdomo kwanza? Nani alisema "twende" kabla hakujakucha, nani akatoa gari? Kwenye kiharusi saa za mwanzo ndizo zinazookoa. Nimepokea wagonjwa waliofungiwa ndani wakipakwa mafuta, watu wakidhani wamerogwa, na walifika tumechelewa. Kwenu kuna mtu hakungoja. Mpigie simu, umtajie alichofanya, kwa maneno yako. Usimtumie ile picha ya maua yenye "Mungu akubariki."

Yuko mkamwana mmoja sijamsahau. Alikuja wodini jioni ya Krismasi na mtori, supu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai. Nilimzuia kwanza, kwa sababu baada ya kiharusi chakula kinaweza kupita njia ya hewa, lazima mgonjwa apimwe kama anameza vizuri. Tulipomruhusu, alitaka kuuongezea mtori maji, nikamkataza: uji mzito mara nyingi humezeka salama kuliko maji matupu. Akamketisha mkwe wake wima, akamwekea kijiko upande wa mdomo wenye nguvu, akangoja ameze, akamfuta kidevu, kijiko kingine. Bakuli moja lilichukua karibu saa nzima. Alikuwa amechoka na amenuna, na sikuona haja ya kumwambia atabasamu. Ile kazi ya mikono yake ilitosha.

Kwa hiyo hasira yako usiifukuze, fanya kazi nayo ikiwa humo humo. Watoto waambie ukweli: bibi anaumwa, sherehe iliharibika, na sisi tumesikitika. Kisha wafundishe kuzungumza naye kwa simu. Wamuulize maswali ya ndiyo na hapana, wasimmalizie maneno, wamngoje. Miezi mitatu ya mwanzo ndiyo mwili hurudisha nguvu kwa kasi zaidi, na mazoezi ya kila siku, ya viungo na ya kusema, yanahesabika sana.

Sherehe mnaweza kuifanya Pasaka. Mbuzi atakuwa amenona. Kitanda kiletwe sebuleni bibi awaone wajukuu, na kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kipikwe kama kawaida hata kama yeye atakunywa mtori tu.

Lakini kuna jambo haliwezi kungoja Pasaka. Hujaniambia nani amebaki Marangu anamgeuza usiku ili asipate vidonda vya mgongo. Kama ni wifi yako, zungumzeni mapema, mpange nani anapanda kumpokea na nani analipa nauli na dawa za presha, ambazo bibi asiziache hata akijisikia nafuu. Na mumeo naye akapime presha wiki hii hii. Ni mwana wa mama huyo.